Ndege moja, mashirika matatu: ni tiketi gani umkatie binti anayeenda Marekani?

Swali:

"Mimi ni mama, nauza nguo za mitumba Kibuye, Kisumu. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi Minneapolis, Marekani, na jamaa wamechanga nauli. Wakala amenipa bei mbili. Ya kwanza ni tiketi moja kutoka Kisumu mpaka Minneapolis. Namba za safari ni za shirika moja, lakini kwa maandishi madogo naona atabebwa na Kenya Airways hadi Nairobi, KLM hadi Amsterdam, kisha Delta hadi Minneapolis. Ya pili inapungua karibu shilingi 11,000: nimkatie Kisumu–Nairobi kivyake, halafu tiketi nyingine ya Nairobi–Minneapolis. Rafiki yangu anasema nichukue ya bei nafuu kwa sababu hawa wote ni muungano, watajuana wenyewe. Tena nimetafuta kwenye simu nikaona ndege ileile, saa ileile, inauzwa na mashirika matatu kwa bei tatu. Mimi ni mfanyabiashara, sijawahi kuona mtu akiuza mali ya mshindani wake kwa furaha. Je, huu si ujanja? Mzigo ukipotea nitamshika nani? Na tukiamua apande basi hadi Nairobi, tunaweza kununua ile tiketi ya kwanza tukatumia sehemu iliyobaki?"

Jibu:

Mama, hongera kwa binti. Nitakujibu yote, ila natanguliza uamuzi usije ukalipa kabla hujamaliza kusoma. Mkatie tiketi moja inayoanzia pale atakapopandia ndege kweli na kuishia Minneapolis. Kama ataruka kutoka Kisumu, tiketi ianzie Kisumu. Kama atapanda basi, ianzie Nairobi. Hizo shilingi 11,000 zinanunua kitu cha maana, na maneno ya rafiki yako, ingawa ameyasema kwa nia njema, yanaweza kukugharimu nauli nzima.

Nikikusoma vizuri, unauliza kama hawa watu wanashindana au wanashirikiana, na kama ushirikiano huo unakufaa wewe au unawafaa wao tu. Wanafanya yote mawili siku hiyohiyo, na hakuna ujanja ndani yake. Lakini ushirikiano huo waliutengeneza kwa faida yao. Wewe unafaidika pale tu unaposhika karatasi sahihi, na ndiyo maana nataka uelewe biashara yenyewe inavyokwenda.

Shirika la ndege haliwezi kufungua tawi popote kama duka. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake, na shirika la kigeni haliendeshi safari za abiria humo bila serikali mbili kukubaliana. Juu ya hapo kuna sheria za umiliki. Marekani hairuhusu wageni washike zaidi ya asilimia 25 ya kura katika shirika lake la ndege, na Umoja wa Ulaya unataka zaidi ya nusu ya hisa zibaki mikononi mwa watu wake. Kwa hiyo Delta haiwezi kuamka kesho ikaanza kubeba watu kati ya Kisumu na Nairobi, na KLM haiwezi kuinunua Delta hata ikiwa na pesa za kutosha. Katika biashara nyingine mkubwa angemmeza mdogo na mambo yakaishia hapo. Kwenye ndege sheria imezuia, ikabaki njia ya kupatana.

Halafu ipo hesabu, na hapa wewe kama mfanyabiashara utaelewa haraka kuliko wengi. Kwa siku moja, ni watu wangapi wanaotoka Kisumu kwenda Minneapolis? Hawajazi matatu, sembuse ndege kubwa. Hakuna shirika litakaloweka ndege kwa ajili yao. Sasa tuseme upande wa Nairobi kuna shirika linalokusanya abiria kutoka miji 20, na upande wa Amsterdam kuna linalowasambaza kwenye miji 50. Wakikubaliana kupokezana, safari moja tu ya Nairobi–Amsterdam inaunganisha jozi 1,000 za miji. Kisumu–Minneapolis inatoa mtu mmoja leo, kesho hakuna. Mombasa–Oslo inatoa wawili. Lusaka–Toronto inatoa mmoja. Ukiwajumlisha, ndege imejaa. Kiti ambacho hakijauzwa mlango ukifungwa hakiuziki tena, ilhali mafuta, marubani na ada za uwanja vinalipiwa vilevile. Ndiyo sababu shirika linaona heri lipate sehemu ya nauli ya binti yako kupitia kwa mshindani kuliko kuruka na kiti kitupu.

Jambo hili umeshaliona stendi. Matatu ya kutoka Busia inafika Luanda ikiwa imebaki na abiria wanne wa Kisumu. Makanga anazungumza na mwenzake wa gari lingine, anampa sehemu ya nauli, mnahamishwa. "Mmeuzwa," watu husema. Hao makanga wanagombania abiria kila asubuhi, lakini saa hiyo kuuziana kunawafaa wote wawili. Kwenye ndege biashara ni ileile, isipokuwa mapatano yameandikwa mapema, mgao wa pesa unajulikana, na haki zako zinahama pamoja nawe mpaka mwisho wa tiketi. Hilo la mwisho ndilo unalolinunua.

Watu huchanganya aina za ushirikiano huu kwa sababu zote huitwa "muungano", na kuchanganya huko ndiko kulikomponza rafiki yako.

Ya msingi kabisa ni kupokezana abiria: shirika moja linakata tiketi yenye vipande vya mashirika mengine, na kila shirika likishambeba abiria linadai sehemu yake. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kiliundwa 1945, na tangu 1947 kina ofisi maalumu ya kusawazisha madeni haya ili mashirika yasilipane moja moja. Kama hakuna mapatano ya pekee, nauli hugawanywa kwa kufuata maili zilizowekewa uzito, maana kipande kifupi kina gharama kubwa kwa kila maili: kupaa na kutua ndiko kunakokula mafuta na ada. Kwa hiyo aliyembeba binti yako Kisumu hadi Nairobi, safari isiyofika saa moja, hapewi makombo kama ambavyo ungetarajia ukitazama ramani.

Hatua inayofuata ni kushirikiana namba ya safari, na hili ndilo uliloliona kwenye simu. Ndege ni ya mmoja, lakini wawili au watatu wanaibandika namba zao na kuiuza kana kwamba ni yao. Anayebandika namba anapata kuonekana anafika Kisumu bila kununua ndege wala kuajiri rubani. Mwenye ndege anapata wauzaji katika nchi ambako jina lake halijulikani. Bei zinatofautiana kwa sababu kila mmoja anasimamia viti vyake kwa kanuni zake. Kuna anayeuza vilivyobaki kwa mwenye ndege, na kuna aliyenunua fungu la viti mapema na sasa anabeba hasara visipotoka. Mmoja amebakiwa na viti vya daraja la bei nafuu, mwenzake vimemwishia. Linganisha bila wasiwasi na uchukue bei nzuri, mradi masharti ya kubadilisha tarehe na ya mzigo yawe yanafanana. Na yale maandishi madogo uliyoyaona si kwamba mtu alikuwa anakuficha. Marekani na Ulaya zinamlazimisha muuzaji amtajie mnunuzi ndege itaendeshwa na nani.

Juu zaidi kuna ubia wenyewe, ambapo mashirika yanaunganisha mapato ya njia fulani na kugawana, kiasi kwamba hakuna anayejali abiria amepanda ndege ya nani. Safari ya binti yako ina historia hiyo ndani yake. Minneapolis ilikuwa kituo kikuu cha shirika la Northwest. Mwaka 1992 Uholanzi na Marekani zilifunguliana anga, na 1993 serikali ya Marekani ikaziruhusu KLM na Northwest kupanga bei na ratiba pamoja, jambo ambalo kwa kawaida sheria ya ushindani inalikataza. Ukawa mfano ulioigwa na wengine kote. Northwest iliungana na Delta 2008, na Delta ikarithi uhusiano ule. Ndiyo maana mji ulio katikati ya Marekani, mbali na bahari, una ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam. Nalieleza hili kwa sababu watu hudhani njia za ndege hufuata ukubwa wa mji peke yake. Mara nyingi zinafuata mkataba wa zamani kati ya kampuni mbili.

Mwisho ndio muungano wenye jina na alama. Star Alliance ulianza 1997, oneworld 1999, SkyTeam 2000. Kenya Airways ni mwanachama kamili wa SkyTeam tangu 2010, pamoja na KLM na Delta. Ethiopian iliingia Star Alliance mwishoni mwa 2011. Qatar Airways iko oneworld. Emirates haimo katika muungano wowote na inaendelea vizuri, kwa sababu Dubai yenyewe ni njia panda kubwa ya kutosha, na inaingia mikataba na shirika mojamoja. Muungano unaleta pointi zinazotumika kwa wanachama wote, vyumba vya kupumzikia kwa wasafiri wa kila wiki, na ratiba zinazopangwa zikutane. Lakini SkyTeam haina ndege hata moja, haijapokea shilingi yako, na haina mkataba na binti yako.

Sasa turudi kwa rafiki yako. "Watajuana wenyewe" ni kweli, ila wanajuana kupitia tiketi. Alama iliyochorwa kwenye ndege haiwalazimishi chochote.

Tazama kinachotokea kwa tiketi moja. Tuseme ndege ya Kisumu imechelewa. Ndege za njia hii huenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo kuchelewa kwa asubuhi huburuta safari za baadaye. Binti anafika Nairobi na ile ya Amsterdam imeshaondoka. Kwenye kompyuta ya shirika anaonekana ni abiria wa Minneapolis aliyekwama njiani kwa sababu yao, kwa hiyo wanapaswa kumtafutia njia nyingine ya kufika bila kumtoza nauli mpya. Mabegi yake yalishapewa lebo ya mwisho wa safari pale Kisumu. Na muda wa kubadilisha ndege ulipimwa na mfumo wenyewe kabla tiketi haijauzwa, maana kila uwanja una muda wa chini kabisa unaoruhusiwa.

Kwa tiketi mbili, mkataba wa kwanza umekwisha miguu yake ilipokanyaga Nairobi. Walimwahidi kumfikisha Nairobi, naye amefika. Mkataba wa pili unasema abiria hakutokea. Atalipia kubadilisha, na atalipia tofauti ya nauli kwa bei ya siku hiyo, mwezi wa Agosti wakati wanafunzi wote wanasafiri. Tofauti hiyo inaweza kuwa mara nyingi zaidi ya 11,000 zako. Wapo wafanyakazi wa kaunta wenye huruma, na yapo mashirika yenye kanuni laini kuhusu hili. Mimi singempeleka mtoto uwanjani nikitegemea kukutana na mmoja wao.

Hata kila kitu kikienda sawa, tiketi mbili zina kazi. Atachukua mabegi Nairobi, atoke, avuke kwenda jengo jingine la abiria, apange foleni, akaguliwe tena. Na hapa kuna gharama ambayo nadhani wakala wako hajaipiga hesabu. Tiketi nyingi za kwenda Marekani huruhusu mabegi mawili ya kilo 23, na kanuni za Marekani zinataka uzito na ada za mzigo ziwe zilezile tangu mwanzo wa tiketi hadi mwisho. Ikiwa tiketi inaanzia Kisumu, mabegi mawili yanakubaliwa Kisumu. Ukimkatia Kisumu–Nairobi kivyake, inatumika kanuni ya safari za ndani, ambayo kwa nauli za chini huwa ni begi moja tu, au hata hakuna. Muulize wakala begi la pili litatozwa ngapi, uondoe kwenye zile 11,000, ndipo uone kimebaki nini.

Kuhusu basi: wazo lenyewe ni zuri, lakini namna uliyoiuliza ni ya hatari kuliko yote. Tiketi hutumiwa kwa mpangilio. Asipotokea Kisumu kwa kipande cha kwanza, mfumo unaandika kwamba hakufika na kufuta vyote vinavyofuata, pamoja na safari ya kurudi kama ipo. Atafika Nairobi na begi na pasipoti, aambiwe hana nafasi. Sababu yake ni ya kibiashara: nauli hupangwa kwa mji wa kuanzia na mji wa kuishia, haipatikani kwa kujumlisha vipande. Wakati mwingine tiketi ya Kisumu–Minneapolis inaweza hata kushuka chini ya ile ya Nairobi–Minneapolis, kwa sababu shirika linataka kuwavuta abiria wa Kisumu. Lisingezuia kuruka kipande cha kwanza, kila mtu wa Nairobi angenunua tiketi ya Kisumu. Unaweza kuiona sheria hii ni kali, nami naiona kali, lakini ipo na haibembelezeki pale kaunta.

Kwa hiyo kama mnaona heri basi, mwambie wakala leo, kabla tiketi haijatoka, akate Nairobi–Minneapolis peke yake. Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350 kwa barabara. Aondoke siku moja kabla, alale kwa ndugu, aende uwanjani akiwa amepumzika. Watu wa Nakuru hufanya hivyo siku zote, hushuka kwa barabara hadi Nairobi, na sioni kasoro yoyote. Mabegi makubwa yanaingia kwenye buti ya basi. Kusema kweli, kwa familia inayohesabu shilingi, hii ndiyo njia ya kupunguza gharama ninayoweza kuitetea, kwa sababu inabakiza tiketi moja ya ndege kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Na mkishaamua Nairobi, msifungwe na muungano mmoja. Mwombe wakala akupe bei za kupitia Addis Ababa na Doha pia, mpaka Minneapolis, kila moja ikiwa tiketi moja. Njia nyingine zinamfikisha kwanza Chicago au New York, na hapo kuna jambo la kujua: katika uwanja wa kwanza wa Marekani abiria huchukua mabegi yake, anapita forodha, kisha anayakabidhi tena, hata kama lebo imeandikwa mji wa mwisho. Kwa msichana anayesafiri mara ya kwanza, ile ndege ya Amsterdam–Minneapolis moja kwa moja ina thamani yake, kwa sababu uhamiaji na mabegi vinamkuta akiwa ameshafika. Mimi ningelipa kidogo zaidi kwa ajili hiyo. Lakini tofauti ikiwa kubwa sana, Chicago haimshindi mtu, mradi apewe saa za kutosha kati ya ndege na ndege.

Umeuliza utamshika nani. Kenya, Uholanzi na Marekani zote zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, na mkataba huo unamtambua aliyekuuzia safari na aliyeiendesha ndege. Hawawezi kukurusha huku na huku wakisema "si sisi": kwa kipande kilicholeta tatizo, unaweza kumdai yeyote kati ya hao wawili. Kwa mzigo, unaweza kumdai shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa nao ulipopotea au kuharibika. Kwa vitendo, begi lisipotokea Minneapolis binti aende kwenye dawati la mizigo la shirika lililomfikisha, kabla hajatoka uwanjani, aandikishe na apewe namba ya ripoti. Begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa. Kesi mahakamani hufunguliwa ndani ya miaka 2. Kikomo cha fidia ya mzigo ni vizio 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani tangu mwisho wa Desemba 2024, ambavyo kwa viwango vya miaka hii vinazidi shilingi 250,000. Hicho ni kikomo tu. Atalipwa kwa kadiri ya hasara anayoweza kuithibitisha, kwa hiyo piga picha ya vilivyomo ndani ya begi kabla hujafunga zipu. Fomu ya chuo ya I-20, vyeti, dawa na simu visikae kwenye begi la chini kamwe. Awe navyo mkononi.

Sitaki nikuache ukidhani mashirika yanaungana kwa upendo wa abiria. Washindani wawili wakianza kupanga bei pamoja, abiria wa njia hiyo amepungukiwa na mtu wa kumkimbilia, na ndiyo sababu serikali huchunguza ubia wa aina hiyo kabla ya kuuruhusu. Hata kati yao wenyewe mizani hailingani. KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways ilipobinafsishwa 1996, wakaendesha ubia kwa miaka mingi, ukaisha 2021, na wapo Wakenya wanaoamini hadi leo kwamba mkubwa alifaidi kuliko mdogo. Binafsi naona ubishi huo una msingi, kwa sababu mwenye kituo kikubwa na wateja matajiri ndiye huwa na sauti kwenye meza ya mgao. Lakini naona pia kwamba bila mikataba hii abiria wa Kisumu asingeweza kununua tiketi moja hadi Minneapolis kwa bei yoyote. Mji wetu hauna abiria wa kutosha kudai ndege yake wenyewe kuvuka bahari.

Nenda kwa wakala wako umuulize mambo haya ana kwa ana. Kwanza, je, tiketi imetoka, au nafasi imeshikwa tu? Nafasi iliyoshikwa bila kulipiwa hufutika yenyewe. Tiketi halisi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinataja shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 074 ni KLM, 006 ni Delta. Huyo ndiye wa kumpigia ratiba ikibadilika kabla ya safari. Pili, akupe namba ya uhifadhi, ile ya herufi na tarakimu sita, ya kila shirika litakalombeba. Namba ya muuzaji mara nyingi haifunguki kwenye tovuti ya mwenye ndege, na bila namba ya huyo mwenye ndege binti hatachagua kiti wala hataona mabadiliko. Tatu, jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kosa la jina kwenye tiketi ya mashirika matatu ni gumu kurekebisha kwa sababu wote watatu lazima wakubali, kwa hiyo ukiliona nenda ofisini siku hiyohiyo, usitume ujumbe ukasubiri. Fanya vivyo hivyo ratiba ikibadilishwa na muda wa kuunganisha ndege ukawa mfupi: hapo una haki ya kupangiwa upya, ila ni rahisi kuipata wiki tatu kabla kuliko asubuhi ya safari.

Wakala akikataa kukupa namba ya tiketi baada ya kupokea pesa, usingoje. Uliza kama ni mwanachama wa chama cha mawakala wa usafiri, KATA, na hakikisha na shirika lenyewe kama tiketi ipo. Malalamiko dhidi ya shirika la ndege hupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Deni lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na huhitaji wakili kufungua kesi hapo.

Mkichagua kuruka kutoka Kisumu, msindikize binti mpaka kaunta kama utaruhusiwa, au mweleze yeye mwenyewe asome lebo ya begi kabla halijasukumwa ndani. Herufi kubwa za mwisho wa safari ziwe MSP. Akiona NBO, mzigo utabaki Nairobi na yeye ataendelea bila huo. Asiondoke hapo mpaka wameibadilisha, na ile stakabadhi ndogo ya begi aibandike nyuma ya pasi yake ya kupandia ndege.